Programu Iliyongoja Mkono Wangu

Jumatatu, 4 Machi 1991

Umeme umekatika mara mbili. Mara mbili nimeacha chakula mezani nyumbani, Nyalukemba, na kupanda ofisini kwetu, bohari ya dawa, kuwasha programu ya barua, ile inayopokea kwa redio maombi ya dawa kutoka hospitali za nje ya mji. Umeme ukirudi, kompyuta huwaka yenyewe. Programu hukaa kimya mpaka niandike amri. Hakuna mwingine anayeijua. Nimechoka.

Jumanne, 5 Machi

Barua kutoka Katana. Mama atapasuliwa rovu la shingoni Alhamisi. Anataka niwepo akifumbua macho. Hana mtoto mwingine. Nimemwomba ruhusa Directeur, mkuu wetu wa ofisi.

"Uende, maman. Lakini nani ataamusha machine?"

Swali la haki. Nilimchukia hata hivyo.

Alasiri nimeongeza mstari mmoja kwenye faili ambayo kompyuta huisoma kila inapowaka: amsha programu ya barua. Sasa umeme ukatike nione.

Jumatano, 6 Machi

Umeme haujakatika tangu asubuhi. Miezi mizima unanitesa, leo nauhitaji ukatike, hauna habari nami. Kuizima kompyuta kwa mkono Directeur amekataza. Ni zawadi ya wafadhili.

Saa sita nikamwendea papa Cirhuza, mlinzi. Nikamwomba ashushe disjoncteur, swichi kuu ya umeme, kidogo tu.

"Wee maman, unataka banifukuze?"

Akashusha. Nikatangaza ofisi nzima kwamba courant imekatika. Wakalalamika kama kawaida. Nimesema uongo bila aibu.

Akapandisha. Kompyuta ikawaka, programu ikaamka, ikakuta redio bado haijawa tayari, ikajizima. Nimeongeza mstari wa pili: ngoja dakika mbili kwanza. Nikataka kujaribu tena, papa akakataa katakata. Kwa hiyo sijui kama itaamka. Nimemwambia Directeur kila kitu kiko sawa. Naogopa. Kesho naenda.

Alhamisi, 7 Machi. Katana

Gari liliharibika njiani, Kavumu. Nimefika mama ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Nimekaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu nzima. Niliiwaza kompyuta kuliko mama. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Saa tisa wakamtoa. Anapumua. Alifumbua macho, akaniona, akalala tena.

Jumamosi, 9 Machi

Jumamosi ofisi yetu hufungwa saa sita mchana. Saa kumi infirmier, muuguzi anayeshika redio hapa hospitalini, ametuma ombi la pamba. Nilisimama nyuma yake. Jibu likarudi: "Imepokelewa. Niko kazini tangu leo, 13.52."

Sentensi hiyo niliiandika mimi, zamani. Saa hiyo, karibu saa nane mchana, ndiyo programu ilipoamka. Umeme ulikatika, ukarudi, na ofisini hakuna mtu.

Nimerudi wodini. Mama ameuliza, sauti inakwaruza: "Ku kazi habakutafute?"

"Habanitafute, mama."

Nimefurahi. Imeniuma kidogo pia. Uji ulikuwa umeshapoa. Amekunywa vijiko sita.