Mfereji Uliojiziba

Dada,

Mimi mzima, ila nimechoka. Wiki ya tatu sasa kompyuta inanitafutia umbo la mfereji wa maji ndani ya pampu: inasogeza ukuta kidogo, inapiga hesabu, inasogeza tena. Niliiambia ipunguze nguvu inayopotea maji yakipita. Leo imeleta jibu: hasara sifuri. Nikafurahi, kumbe imeuziba mfereji wote. Nilisahau kuiwekea sharti kwamba maji lazima yapite. Bosi wangu kacheka mpaka machozi. Mimi nilishindwa kucheka; nilijiona humo.

Tangu tumzike mama sijapokea simu yako hata moja. Sauti yako na yake ni moja, nikaona nisipoisikia sitaumia.

Nipigie Jumapili. Nitapokea.

Kitindamimba wenu