Mizula Saba Ambayo Haikupita kwa Milembe

Mshauri, shikamoo, unisamehe kwa barua ndefu, maana nisipoimaliza leo sitaiandika tena. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Bariadi, niko kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, tunafuma mizula, zile kofia za sufu, na kuwagawia bure watoto njiti wodini, wale wanaozaliwa na kilo moja na nusu, ambao hata jua liwake vipi nje wao wanapoa, ingawa mume wangu hucheka akasema, "Bariadi hii inavyotukaanga, mizula mnampelekea nani?" na mimi humjibu aende akamshike mmoja ndipo aseme. Aliyetufundisha ni mayu Milembe, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama, mjane, na ndiye anayekagua kila mzula kabla haujaenda, anaugeuza ndani nje, anapitisha kidole, na akikuta uzi unaning'inia anakurudishia na kusema, "Huu mvalishe mbuzi wako."

Sasa ukifuma rangi mbili, wakati rangi moja inafanya kazi mbele, nyingine inapita nyuma, na mayu Milembe ametukataza isipite zaidi ya vitanzi vitatu bila kubanwa, ndiyo maana mizula yetu yote ina vidoto vidogo. Mimi nilichoka na vidoto, mshauri. Nikawaza mabaka ya ng'ombe wa baba mkwe, meusi, mapana, juu ya ngozi nyeupe, nikafuma mizula saba nyumbani bila kumwambia mtu, ikatoka mizuri hata nikaipiga picha, lakini baka likiwa pana uzi unasafiri mbali kwa nyuma, vitanzi tisa, kumi, na kule ndani nyuzi zikabaki zimelegea. Nilijua ataikataa. Siku ya kupeleka, alipokwenda kunawa mikono, nikaichomeka yote saba kwenye mfuko wa ile iliyokwisha kukaguliwa.

Wiki iliyopita nesi alimpigia simu mwenyekiti wetu, Justina, akamwambia mzula mmoja wa rangi mbili ulimvuka mtoto kichwani akiwa amelala, kidole chake kikaingia kwenye uzi wa ndani, kikanasa, kikavimba. Kikaoni Justina akamgeukia mayu Milembe, "Mama, mkaguzi ni wewe, kama macho yamechoka tuambie tu." Akajibu, "Kila uliopita mikononi mwangu niliugeuza." Violeth akasema kwa sauti ya kusikika, "Basi huo ulitembea wenyewe," watu wakacheka, na mimi nilicheka nao. Alhamisi ijayo wanapiga kura kumvua ukaguzi, naye tangu siku ile hajaja kufuma. Mtaani wanasema kidole cha mtoto kilikatwa. Nimefunga siku tatu, nimesali, sindano siwezi kuzishika, nikisema ukweli nitafukuzwa na mume wangu atapata la kucheka mwaka mzima, nisiposema sijui nitamtazamaje yule mama kanisani. Nifanye nini?

Mfumaji, Bariadi

JIBU

Mama, kidole kipo. Naanza hapo ili upumue.

Barua yako ilifika Jumatano na sikuiweka kwenye foleni. Niliuliza wodini. Mama wa mtoto aliona mapema, nesi akaukata uzi kwa mkasi, uvimbe ukashuka kesho yake. Kilichokatwa ni uzi. Mtoto, msichana, alitoka wodini Jumatatu akiwa na kilo mbili na gramu mia moja, yuko kwao Mwandoya, ananyonya vizuri.

Sasa nisikilize. Umeniandikia aibu yako, kufunga kwako na kicheko cha mume wako. Ulipeleka mizula saba, mmoja ukanasa kidole. Nilitafuta mstari mmoja unaouliza ile sita mingine iko vichwani mwa nani, sikuuona. Siku tatu ulizofunga zingetosha kwenda wodini na kurudi mara kumi. Una bahati kwamba nesi hakukusubiri. Siku ileile aligeuza kila mzula wodini, akaitoa sita yenye mabaka, akaifunga kwenye mfuko, na hakuna mtoto mwingine aliyeguswa. Pumua tena, lakini hiyo ni kazi ya nesi, si yako.

Kupenda mabaka si kosa. Kila anayefuma siku moja huchoka na vidoto. Kosa lako ni kwamba ulijua mzula utakataliwa, na ulijua kwa nini, ukaupitisha. La pili ni kile kicheko, na nadhani ndicho kinachokuumiza zaidi.

Nenda kwa Milembe, peke yako. Usitume ujumbe wa simu, usimtangulize Justina, usianze na habari za mvua na bei ya pamba. Msalimie, kaa, useme: "Mayu, mizula ile ni yangu. Niliichomeka mfukoni ulipokwenda kunawa, na walipokucheka nilicheka nao." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini". Akikufokea, pokea. Akikaa kimya, kaa naye mpaka atakapokuambia uondoke.

Ukitoka hapo pitia wodini, chukua mfuko wako. Alhamisi simama kabla Justina hajafungua ajenda, geuza mzula mmoja ndani nje, waone wenyewe. Violeth atapata la kusema, mwache aseme. Kukufukuza sidhani, watu wanaofuma bure si wengi kiasi hicho. Na hata wakikufukuza, mwanamke asiye na kosa atakuwa amerudishiwa jina lake, na hilo ndilo kikao kile kinakudai. Mume wako mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa sokoni.

Mizula usiichome. Shona bitana ndani kwa fulana laini ya pamba, ifunike nyuzi zote pande zote, halafu uipeleke kwa mkaguzi kama wenzako. Akiikataa, imekataliwa. Ukitaka mabaka tena, muulize yeye namna ya kuubana uzi katikati ya baka. Anajua, ila hukumuuliza.

Majina yote hapa nimeyabadilisha, lakini Bariadi si kubwa, na kuna atakayeisoma barua hii akakutambua. Kwa hiyo usingoje Alhamisi ikaribie. Nenda leo, asubuhi hii, kabla mtu mwingine hajafika na gazeti mkononi. Haendi tena kufuma, utamkuta nyumbani.