Taa Inayokonyeza

Kalemie, siku ya pili ya juma

Tena leo! Papa Direkta amezima ile boksi ya diski ya ordinatere, kompyuta yetu ya kazi, inayochunga orodha yote ya mizigo ya bandari.

Fundi wa Lubumbashi alitufundisha vizuri. Taa ya kijani: umeme umeingia. Ya manjano ikikonyeza: boksi inaandika, musiiguse. Nyekundu: njo ugonjwa. Lakini Papa Direkta hapendi kukonyezwa. "Imechoka, Mama Veronika, iache ipumzike," akasema, akachomoa waya kwenye tundu la nyuma. Kazi yangu ya asubuhi yote ikapotea.

Nilitaka kulia. Halafu nikakumbuka redio yetu ya nyumbani: tangu niivike kitambaa, hakuna muntu anayethubutu kuigusa.

Saa sita nikakimbia kuleta kitambaa kingine cha kroshe, kizito, cha maua, nikaifunika boksi. Papa Direkta aliporudi akaiangalia, akanyoosha koti yake ya abakosti. "Sasa njo biro, ofisi ya kweli!" Hakugusa kitu.

Lakini taa nyekundu ikiwaka, nani ataiona? Basi kila mara nainua kitambaa pole pole, kama chandarua cha mutoto. Jioni Papa Direkta akanikuta nimeinama hivyo.

"Mama," akaninong'oneza, "umuache alale."