Mkwe Ndani ya Simu

Athi River,
11 Mei 2020

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku tulikofungiwa. Mimi ni mzima. Hiki kikohozi ni vumbi la viwanda vya saruji vya huku tu, usianze kuniombea. Mgongo wa Baba unaendeleaje? Naandika kwa sababu tukipiga simu mtandao unatukata kabla hatujamaliza salamu.

Usiache masomo. Najua ulizoea kwenda chuoni Machakos wakati wa likizo, lakini sasa masomo yamehamia kwenye simu na lazima uyafuate huko. Mwalimu mkuu alisema wazi kwamba asiye na cheti cha ualimu wa chekechea hatarudi kazini shule zikifunguliwa. Miaka yote umewafundisha watoto wa Mwala. Sitaki uondolewe kwa ajili ya karatasi.

Mwanao,
Mwelu

Mwala,
14 Mei 2020

Mwelu wakwa,

Sisi ni wazima. Mgongo wa baba yako unauma kukiwa na kazi tu.

Leo nimeingia darasani. Wameunganisha madarasa, mwalimu wetu amebadilishwa, na nilipofungua simu nikamkuta nani? Mwendwa, mchumba wako! Uso mzima, karibu kabisa, kama mtu anayengoja chai. Nikaifunika simu kwa sufuria.

Unaijua nthoni, ile haya ya wakwe, au mji umekusahaulisha? Tangu wazee wake walete mbuzi wa posa mwezi wa Februari, yule ni mkwe. Hatutazamani, hatukai pamoja. Siku ile aliniona kwa mbali tu, akainamisha kichwa. Chuoni nimejiandikisha kwa jina la kitambulisho, Kanini. Yeye ananijua kama Mama Mwelu. Kwa hivyo nimezima kamera, nasikiliza na kujibu kwa kuandika. Shida ni mwezi ujao. Kila mmoja atafundisha watoto mbele ya kamera, naye ndiye msahihishaji.

Usimwambie. Akijua ni mimi atanipitisha kwa heshima, na kesho watu waseme cheti changu kililetwa na mkwe.

Mamako

Athi River,
2 Juni 2020

Mwaitu,

Natumai umeamka vizuri. Mimi sikuamka vizuri.

Jana Mwendwa alinipigia akilalamika: “Kuna mama mmoja, Kanini, picha yake ni nyeusi kila siku. Majibu yake ni mazuri hata nashuku anaandikiwa. Asipofungua kamera siku ya kufundisha, namwangusha.” Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliendelea kukata mpaka ikawa kama majani ya chai.

Mimi nami nawafundisha wanafunzi wangu kwa simu, na siku nzima naona picha nyeusi. Sasa kila moja najiuliza inamficha nani, na kwa nini.

Siwezi kukaa kati yenu nikinyamaza. Ikiwa mbuzi ndio wanaokufunga mdomo, warudishe. Mimi nitangoja. Cheti hakingoji.

Mwelu

Mwala,
5 Juni 2020

Mwelu wakwa,

Tuliza moyo kwanza. Umekula?

Nirudishe mbuzi gani? Mmoja tulimchinja, na mbavu ulizimaliza wewe. Mwingine ana mimba. Halafu unajua kurudisha mbuzi ni kurudisha mume. Hayo ni maneno ya hasira, nimeyafuta.

Bado nakukataza kumwambia. Nitapata njia.

Mamako

Athi River,
17 Juni 2020

Mwaitu, kwema? Leo ndiyo ilikuwa siku yako ya kufundisha. Hujaandika. Mwendwa hashiki simu. Sijamwambia, naapa. Tafadhali, hata neno moja.

M.

Mwala,
19 Juni 2020

Mwanangu,

Tuko salama. Nisamehe kunyamaza, nilikuwa nangoja jambo liishe.

Nilikuwa nimetundika leso kati yangu na simu, nifundishe nyuma yake. Watoto wa jirani yetu Mbula wakakaa mkekani. Nikaanza, wakawa wanachungulia: “Ticha, unacheza kujificha?” Mtoto hafundishwi na leso, Mwelu. Nikaivuta chini.

Mwendwa aliniona, akanitambua. Badala ya kuzima simu, akaruka kutoka kitini kwa heshima. Juu tai, chini kaptura. Nimeona magoti ya mkwe wangu, na darasa zima likayaona! Baba yako akisikia atadai faini ya nthoni.

Alipozima picha yake, akasema mbele ya wote: “Huyu ni mama mkwe wangu. Siwezi kumsahihisha.” Akaniita Mwaitu, akaomba radhi, akatoka.

Chuo kikanihamishia kwa mwalimu mwingine, Wangui. Jana nikafundisha upya. Yule mama hacheki. Aliniambia naongea sana, nawajibia watoto kabla hawajafikiri, na wimbo wangu ni mrefu. Nilikasirika. Halafu nikaona ni kweli.

Amenipitisha, kwa alama za chini kuliko nilizotamani. Hanijui, na hana wa kumwonea haya hapa kwetu. Asubuhi nimefungua simu nikazitazama tena zile alama.

Ni zangu.

Mamako,
Kanini