Picha za Asubuhi, Mkutano wa Mchana

Mpendwa binti yangu Nyambura,

Uliponipigia simu majuma matatu yaliyopita ukaniomba nije katika kituo chenu cha televisheni kuwafunza waandishi wako wachanga, nilikuambia kwamba nitafikiria. Ulicheka ukasema, "Sawa Mzee, fikiria, lakini usifikirie kama serikali." Nilicheka pia, simu ikakatika, nikabaki nimeketi. Sikuwa na la kufikiria. Nilikuwa na jambo la kukiri kwako, na kabla sijalikiri sistahili kusimama mbele ya vijana wako.

Ninakuandikia hadharani kwa sababu kosa lenyewe lilitangazwa hadharani. Wengi watakaoisoma barua hii hawatujui, kwa hiyo nivumilie nikieleza hata yale unayoyajua.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kuajiriwa kuwa mhariri wa habari za saa moja jioni katika kituo cha televisheni ambacho siku hizi hakipo tena. Chumba chetu cha habari kilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya nne, na wakati wa likizo nilikwenda nawe kazini. Kwa kuwa ulipewa jina la mama yangu, wenzangu walishangaa kunisikia nikimwita mtoto wa miaka minane "Mama". Mama, shuka hapo. Mama, usiguse mashine hiyo. Kazi yako ilikuwa kushika saa. Nilisoma taarifa kwa sauti nawe ukahesabu sekunde, na nilipozidisha ulinikatiza bila huruma: "Thelathini na mbili, Baba. Ulisema thelathini." Hakuna mkubwa wangu aliyewahi kunihariri kwa ukali ule, nami nilikuwa nikijivuna kwa sababu yake.

Ambacho hukukijua ni simu ya Kitisuru. Mwenye kituo aliishi huko, katika mtaa wa matajiri, na karibu kila jioni, nusu saa kabla ya habari kusomwa, alipiga simu. Hakuwahi kutuambia tudanganye. Aliuliza kwa upole tu ni habari gani inayotangulia, ni nani atakayesikika kwa sauti yake mwenyewe na ni nani atakayesimuliwa. Baada ya simu hiyo mpangilio ulibadilika. Mgombea aliyempenda alizungumza mwenyewe, akitabasamu. Mpinzani wake alionyeshwa akifungua na kufunga kinywa, huku msomaji wetu akieleza kwa maneno machache alichokisema. Sisi tuliiita kazi hiyo "kupanga meza". Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa lugha, na lugha iliyotoka mezani pangu ilikuwa safi.

Unaikumbuka Jumapili ile ya mkutano wa upinzani katika uwanja wa hapa Riruta, karibu na soko? Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Jirani yetu Baba Akinyi, seremala mwenye karakana kando ya Barabara ya Naivasha, aliwachukua mafundi wake wote wakaenda. Wewe ulitakiwa kuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Jioni hiyo kituo chetu kilitangaza kwamba mkutano ulihudhuriwa na watu wachache, na picha zikaonyesha viti vitupu na mwanamume mmoja akifagia jukwaa. Maneno hayo niliyaandika mimi.

Asubuhi iliyofuata Baba Akinyi alisimama langoni petu. "Mwalimu," akasema, "jana TV yako ilisema hatukuwa watu. Sasa hii vumbi iko kwa viatu yangu nilitoa wapi?" Alikuwa akicheka, lakini hakungoja jibu. Tangu siku hiyo aliacha kuingia kwetu kunywa chai.

Nilirudi ndani nikakukuta mezani na mama yako. Ulikisukuma kikombe chako kando.

"Baba, mimi nilikuwa huko. Mimi na Akinyi. Saa nane watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Na katika picha zenu vivuli ni virefu. Zilipigwa asubuhi." Kisha ukaniuliza, "Ulijua?"

Ulijishtaki mwenyewe, Mama. Hakuna aliyejua kwamba ulitoroka kwaya, wala hakuna ambaye angejua. Ulikubali kuadhibiwa ili habari moja isahihishwe, nami nikakupa adhabu na habari nikaiacha vilevile. Mwezi mzima hukutoka langoni isipokuwa kwenda shuleni na kanisani. Swali lako nililijibu kwa neno moja: sikujua.

Nyambura, nilijua.

Mpiga picha alitumwa uwanjani saa mbili asubuhi akaitwa arudi saa nne, kabla ya mkutano kuanza. Alipoiweka kanda mezani pangu aliniambia bila kuniangalia, "Mwalimu, hapa hakuna mkutano, hapa kuna viti." Nilimshukuru, nikaandika.

Ingekuwa rahisi kukuambia kwamba niliogopa kufutwa kazi. Niliogopa, ndiyo. Lakini lipo jambo lililo chini ya hofu hiyo, nalo ndilo lililonichelewesha kukuandikia. Mgombea wa mwenye kituo alikuwa mgombea wangu pia. Nilipoviona viti vitupu nilifurahi. Niliona kwamba watu wa upande mwema wamesaidiwa kidogo, na kwamba wale wengine, Baba Akinyi akiwa mmoja wao, hawajaumizwa na chochote ila sentensi mbili.

Mama yako, Mungu ampumzishe, hakugombana nami. Alianza tu kutazama habari katika vituo viwili, akiruka huku na kule, na nilipolalamika akasema kwamba mke wa mhariri anahitaji shahidi wa pili. Wewe nawe hukuishika saa yangu tena. Ulikwenda chuo kikuu ukasomea uandishi wa habari, na miaka yote hii tumezungumza kuhusu afya yangu, kanisa, mvua na kaburi la mama yako. Habari, kazi yetu sote wawili, hatukuigusa. Hujalala katika nyumba hii tangu mazishi. Kutoka hapa Riruta hadi kazini kwenu Upper Hill si safari ya mtu kufunga mzigo. Mwezi uliopita nilikuja huko kupimwa macho, na kutoka dirishani mwa kliniki niliziona dishi za kituo chenu juu ya paa. Nilipotoka nilipita mbele ya lango lenu, nikaangalia juu, nikaenda zangu.

Juma lililopita nilianza na lililo karibu. Nilikwenda kwenye karakana ya Baba Akinyi nikamweleza yote: saa mbili, saa nne, kanda, viti. Aliendelea kupiga randa mpaka ubao ukaisha, ndipo akasema, "Mimi nilijua siku ileile, Mwalimu. Nilikuwa nangoja useme." Nilisema samahani. Akapangusa kiti kwa kiganja. "Kaa. Lakini polepole, hiyo ni ya mteja." Kisha akamtuma fundi wake mmoja chai.

Saa moja jioni ilipofika wakawasha televisheni ndogo iliyo juu ya kabati la misumari. Zilikuwa habari za kituo chenu. Siku hiyo wagombea wawili walikuwa wamefanya mikutano, na yote miwili ilipigwa picha kutoka mahali pa juu, kwa umbali ulio sawa, saa ikiwa imeandikwa kwenye pembe. Kila mgombea alisikika kwa kinywa chake. Mwandishi wenu alisema wazi ni nani aliyemtafuta asimpate. Mafundi hawakuridhika, kama kawaida ya mafundi. Mmoja alidai kwamba mtu wake amenyimwa. Mwenzake akamjibu, "Wachana na hiyo maneno, wangu naye ameonyeshwa akikohoa." Walibishana hadi tangazo la sabuni, lakini hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba ametangazwa kana kwamba hakuwako.

Baba Akinyi akanigeukia. "Akinyi ananiambia ni Nyambura wetu hupanga hiyo." Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa akanywa chai yake, nami nikaona haya na fahari kwa pamoja, hali ambayo sikuwa nimeizoea katika umri wangu.

Sidhani kwamba upendeleo umekwisha. Uliniambia mwenyewe kwamba vijana wako wawili wamepigiwa simu na msaidizi wa mwanasiasa, akiwaita kwa majina. Mwenye kupiga simu hatakosekana. Nilichokiona jioni ile ni kwamba simu inaweza kulia na habari ikasomwa ilivyo. Katika miaka yangu yote kazini sikuamini kwamba jambo hilo linawezekana, na kutoamini kwangu kulinipa kisingizio kizuri sana.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nitakuja Jumatatu saa tatu asubuhi. Usinitumie gari, nitajileta. Kabla sijagusa sentensi hata moja nitawasomea vijana wako barua hii yote, kisha wataniuliza wanalotaka. Nataka wajue kwamba simu kutoka nje ni nusu ya hatari. Nusu ya pili ni furaha ya mwandishi anapoona upande wake unapendelewa, na hiyo haina nambari ya kuzuia. Tukimaliza hayo nitawasahihishia kazi zao, na wajiandae, kwa maana uzee haujanilainisha.

Nawe uketi nao, usisimame mlangoni kama mwenyeji wa mgeni. Wakiniuliza kwa nini nilichukua miaka mingi hivi kumjibu mtoto wangu mwenyewe, tafadhali usinitetee.

Ubaki na amani, Mama, hadi tutakapoonana.

Ni mimi, baba yako.