Mbuzi Analala kwa Nani

Mradi wa Mbuzi Bora,
Biharamulo.
2 Julai, 2006

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie kifua kinaendeleaje, na kama ile dawa ya zahanati umeimaliza yote au umeiacha nusu, kama kawaida yako ukishasikia nafuu. Mimi huku ni mzima, nakula vizuri, na kanisani naenda. Najua hilo ndilo ungeuliza la pili. Nasikia mvua za mwisho zimewatendea wema maharage ya Kibimba. Kama ni kweli nitunzie debe moja, maana maharage ya hapa yanachelewa kuiva kana kwamba yana kesi na moto.

Najua utasema mbona sikupiga simu. Simu ya dukani unaijua: unasikiliza wewe, na wanunuzi wa sabuni nao wanasikiliza. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kihangaza chetu najua kukisema tu, kukiandika sikufundishwa na mtu. Soma polepole. Habari ni njema, nakutangulizia hilo ili usisome kwa mashaka, lakini nataka uipate kwa mpangilio wake.

Pasaka nilipokuja nyumbani uliniona nimenuna, ukamnong'oneza mama mdogo kwamba bila shaka kuna mwanamume ananisumbua. Nilisikia. Hakukuwa na mwanamume, mama, kulikuwa na kompyuta.

Kazi yangu, kama nilivyokueleza juu juu, ni kupima kama mbuzi chotara wa mradi wanakua kuliko mbuzi wetu wa kienyeji. Kila mwezi vijana wa mradi wanapita Nyamigogo na Nemba za huku Biharamulo, na huko kwetu Kibimba wilayani Ngara, wanawaning'iniza watoto wa mbuzi kwenye mizani, wanaandika kilo, kisha mimi napokea takwimu. Ni hizo hizo ninazoandikia shahada yangu ya pili ya Morogoro. Wafadhili walishasema wazi kwamba mwezi wa sita wanakuja, na kama chotara hawaonyeshi tofauti, mradi unafungwa na mbuzi wa awamu ya pili wanapelekwa mkoa mwingine. Nami nilikuwa nimejiapiza moyoni kwamba awamu hiyo ikija, nitapigana hadi wapewe na watu wasio na banda la mbao wala jina la mume la kuandika kwenye kadi ya mradi. Unajua nilikuwa namfikiria nani. Tangu baba afariki, na baba wadogo wakaswaga mbuzi wetu wote siku ya kumaliza msiba, hujapata tena mbuzi hata mmoja wa kumwita wako. Umebaki kulea wa mzee Bartholomayo.

Sasa, kupima jambo hili si kujumlisha na kugawanya tu. Mbuzi sita wa banda moja wanalishwa na mkono mmoja, kwa hiyo huwezi kuwahesabu kuwa mashahidi sita. Ni sawa na kuwauliza watoto sita wa mama mmoja kama chakula cha kwao ni kitamu. Ndiyo maana tunatumia hesabu inayotenganisha mambo mawili: kile kinachotokana na mbegu ya mbuzi, ambacho kinatakiwa kuwa kilekile kila mahali, na kile kinachotokana na nyumba anamolelewa, ambacho kinapanda huku na kushuka kule. Wataalamu wanaiita modeli ya athari mchanganyiko. Inafanywa kwa programu ya kompyuta iitwayo R, nayo ina kiburi ambacho sijakiona hata kwa karani wa mahakama. Kila nilipoiendesha ilinijibu kwa maandishi mekundu kwamba imezunguka weee na haikufika mwisho. Siku ilipofika mwisho, ikasema chotara na wa kienyeji ni walewale. Chotara wa Nyamigogo nimewaona kwa macho yangu, wana viuno kama ndama, halafu mashine inaniambia hakuna kitu.

Mratibu wetu, bwana Audax, aliniambia kwa upole kwamba nisione aibu, takwimu ni takwimu, kisha akaanza kuulizia watu watakaochukua pikipiki za mradi. Hapo ndipo nilipochukia kwelikweli. Mtu hajafa, tayari anagawiwa nguo zake.

Kuna kundi la barua pepe la watu wanaotumia programu hiyo. Wametapakaa dunia nzima. Ukikwama unaandika swali lako na yeyote anayejua anakujibu. Nikaandika langu wakati jenereta ya ofisi inawaka, Kiingereza changu nimekipiga pasi mpaka kimenyooka. Wa kwanza kujibu alisema nisome mwongozo kabla ya kusumbua watu. Wa pili alisema takwimu zangu ni chafu na hazitibiki. Huyo nilitaka kumjibu kwa Kihangaza. Bahati yake sijui kukiandika.

Wa tatu aliandika kutoka Kanada, akajiita Niragira, na jina hilo la Kirundi peke yake lilinikalisha wima. Aliandika kwa adabu, hakunifundisha lolote kwanza, aliuliza tu. Aliona nimewapanga mbuzi kwa jina la mwenye mbuzi, akataka kujua mbuzi mwenyewe analala kwa nani. Chini yake akaongeza neno moja, kuragiza, akaniuliza kama watu wa Ngara bado wanawapa wenzao mifugo ya kulea namna hiyo.

Mama, nilicheka peke yangu mpaka Audax akachungulia mlangoni. Mimi mtoto wa Domisiana, niliyekua nikikata majani ya mbuzi wa Bartholomayo, nakumbushwa na mtu aliyeko Kanada kwamba mwenye mbuzi ni mmoja na mlezi ni mwingine. Jambo lilikuwa karibu nami mno, nikawa silioni. Kwenye kadi za mradi limeandikwa jina la mwenye mbuzi tu. Na tangu miaka ile wakimbizi walipoanza kumiminika, na majambazi wenye bunduki wakajificha ndani ya msongamano ule, ni nani kwetu anayelaza mbuzi wake wote mahali pamoja? Mmoja yuko kwa shemeji, wawili kwa mjane wa bondeni, ili wezi wakija wasikombe wote. Kompyuta haikujua hayo. Ilikuwa inamtazama Bartholomayo, mbuzi wake huyu mnene, yule mbavu tupu, inashindwa kuelewa ni nyumba gani hiyo.

Tukaanza kuandikiana na Niragira. Ni Mrundi, alikimbia na wazazi wake akiwa kijana, akasoma huko kwetu Ngara katika kambi ya wakimbizi ya Lukole kabla ya kupata nafasi ya kwenda ng'ambo, na sasa anafundisha takwimu chuo kikuu. Alinieleza kwamba njia niliyokuwa natumia inataka kitu kimoja kikae ndani ya kingine, kama sufuria ndogo ndani ya kubwa, wakati sisi mwenye mbuzi mmoja ana walezi wengi na mlezi mmoja ana mbuzi wa watu wengi. Kumbe kuna njia mpya inayowasimamisha wote wawili bega kwa bega. Akaniandikia mstari wenyewe na kunifafanulia kila alama, na nilipokosea alinivumilia kama kaka. Hakutaka chochote, ila aliniuliza kama mto Ruvubu bado unageuka rangi ya udongo wakati wa masika. Nikamjibu kwamba haujaacha tabia yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa kujua kila mbuzi analala wapi, na hapo ndipo nilipoona cha moto. Kanuni ya mradi ilikataza mbuzi kutolewa kwenye banda la aliyepewa, kwa hiyo kila mtu aliapa kwamba wake wako nyumbani. Mzee Telesfori wa Nemba alinionyesha banda lake zuri, amesimama mlangoni amelikinga kwa mgongo. Nikachungulia chini ya kwapa lake, nikamwona kuku ameatamia mayai kwenye hori. Nikamuuliza mbuzi wake wameanza lini kutaga. Alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akanipeleka kwa Josefina, jirani yake anayemlelea. Audax, namshukuru, alikuwa ameweka sahihi yake kwamba hakuna atakayenyang'anywa mbuzi kwa kusema ukweli, na baada ya Telesfori wengine walifunguka.

Nikaingiza majina ya walezi, nikaandika ule mstari wa Niragira, nikabonyeza. Haikuandika chochote chekundu. Chotara wanakua kuliko wa kienyeji, mama, na tofauti inaonekana wazi katika kata zote tatu. Lakini lililonisimamisha kwenye kiti ni jingine: ukishajua mbuzi analala kwa nani, jina la mwenye mbuzi halikuambii kitu tena. Karibu tofauti yote kati ya nyumba na nyumba iko kwenye mkono wa mlezi.

Wafadhili walikuja na magari yao meupe. Nilisimama mbele yao na mbele ya wawakilishi wa wafugaji, nimejifunga kitenge ulichonipa, nikaeleza kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili. Bartholomayo alikuwepo kwa niaba ya Kibimba, yeye ambaye mara mbili amechukua zawadi ya mfugaji bora. Aliposikia hayo ya walezi, alisimama akasema kwa sauti kwamba chumvi ya mbuzi ananunua yeye. Watu wakacheka, naye akacheka, akakaa. Mama mmoja wa wafadhili aliuliza maswali magumu kuhusu ile modeli, na nilimjibu yote bila kutazama karatasi. Mwisho wakaamua kwamba mradi unaendelea, na mbuzi wa awamu ya pili watagawiwa kwa walezi wenyewe, kadi ziandikwe majina yao, wawe wajane, wawe wanawake walioachika, wawe nani. Walezi waliokuwepo walipiga vigelegele mpaka dereva wa wafadhili akaja kuona kuna harusi gani. Na juma lililopita Morogoro wamenipitishia tasnifu yangu. Novemba mwanao anavaa joho, na wewe utakaa mbele.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sikutaka lisikike dukani.

Programu ile ikishamaliza kazi inaweza kukupa, kwa kila mlezi, namba inayoonyesha mkono wake unawainua mbuzi kiasi gani, ukishatoa mbegu na mahali. Niliwapanga kuanzia juu. Wanaandikwa kwa namba, majina yanafichwa, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa amemwacha wa pili mbali sana. Nikafungua majina nimtazame ni nani. Ulikuwa ni wewe.

Nililia, mama. Audax alidhani jenereta imeunguza kompyuta. Niliwaza miaka yote ile unaamka kabla ya jogoo kwenda kutafuta majani ya mbuzi wa mwenzako, na zawadi inapelekwa kwake, na wewe unampigia makofi.

Halafu nikakutoa. Mwalimu wangu wa Morogoro nilipomweleza alisema si lazima, inatosha nitaje undugu wetu kwenye maelezo. Lakini mwalimu yuko Morogoro, hayajui maneno ya gulioni kwetu. Nilijua watasema mtoto wa Domisiana amekaa na mashine yake akampa mama yake ushindi, na maneno hayo yangewafikia wafadhili, na walezi wote wangekosa mbuzi kwa ajili yetu sisi wawili. Nikafuta mbuzi wote waliolala kwako, nikaendesha hesabu upya huku nimefumba macho. Tofauti ilipungua kidogo, ila ikasimama, na mkono wa walezi nao ukasimama. Kwenye tasnifu nimeandika kwamba kaya moja imeondolewa kwa sababu ya undugu na mtafiti. Kaya hiyo moja ndiyo wewe.

Siku ya mkutano mlezi aliyetajwa wa kwanza, kwa ruhusa yake mwenyewe, alikuwa Josefina wa Nemba. Alipigiwa makofi, akapigwa picha, nami nilimpigia kwa moyo mweupe kwa sababu anastahili. Lakini kila kofi lilinichoma, maana najua nimempa mwingine nafasi ya mama yangu. Kama umeumia, uniambie bila kunionea huruma.

Usidhani lakini kwamba kukutoa kwenye hesabu kumekutoa kwenye mbuzi. Watakaopewa Kibimba watachaguliwa na mkutano wa kijiji, mimi sina mkono wowote hapo, nimekataa hata kuhudhuria. Bartholomayo alinifuata nje baada ya mkutano akaniambia jina la kwanza atakalolitoa ni lako, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kuliko kompyuta ni nani amemfanya aitwe mfugaji bora. Kwa hiyo andaa kamba.

Nisalimie mama mdogo, umwambie bado hakuna mwanamume. Wasalimie wote wa jumuiya, na dawa uimalize. Majirani watakuja kukupongeza kwa ajili ya joho langu, nawe utawaitikia kwa adabu kama kawaida yako. Wakishaondoka, soma tena hapa: katika wilaya mbili, hakuna mtu aliyekupita.

Ni mimi mwanao,
Tecla