Namba Iliyoshuka

Machi 3

Dada mpendwa,

Shikamoo. Baada ya salamu nakutangazia rasmi, mbele ya mashahidi wawili, mke wangu na paka asiye wetu, kwamba kochi la sebuleni limepata kitambaa kipya. Miaka yote hii fundi makochi wa mtaa mzima amekalia springi zilizochomoza. Leo aibu imekwisha. Wifi yako alikaa, kisha akasema, "Upande wa kushoto umepinda." Ndivyo ninavyothaminiwa humu ndani.

Mshono wa tumboni hauniumi tena. Na ile damu wanayopima kila baada ya miezi michache, kuangalia kama saratani ya utumbo inarudi, majibu yametoka: namba imeshuka. Imeshuka, dada. Kwa hiyo lala usingizi. Shemeji hajambo? Na goti lake?

Mdogo wako


Machi 19

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Goti la shemeji yako linamsumbua akitakiwa kuosha vyombo tu. Hongera kwa kochi, ingawa wifi namwamini zaidi.

Kuna kitu kimenikaa kooni. Kila ukipima huniandikia maneno ya yule dada wa maabara, anavyokutania kwamba mishipa yako inajificha kama mtoto anayekwepa kuoga. Safari hii hujamtaja. Ulipima wapi? Hapa ninapofanya kazi ya ukunga nawasikia madaktari wakisisitiza: alama hiyo ya saratani kwenye damu ipimwe maabara ile ile, kwa mashine ile ile, maana mashine mbili zinaweza kutoa namba mbili kwa damu moja. Wanachotazama ni namba inaelekea wapi tangu upasuaji. Nijibu upesi.

Dada yako


Aprili 14

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kwa dhati, si kwa mazoea ya barua. Nikipiga simu wifi anasema uko kazini, hata Jumapili. Wewe, kazini Jumapili? Tumelelewa nyumba moja. Sikuandikii kukukaripia. Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako


Mei 2

Dada,

Shikamoo. Wifi yako alikudanganya kwa sababu nilimwomba, basi nikasirikie mimi, nimezoea.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili nilipima kwa yule dada wa mishipa. Alinipa majibu bila utani wowote, nikajua kabla ya kufungua bahasha. Namba ilikuwa imepanda. Daktari akasema namba peke yake haitoshi kusema ugonjwa umerudi, zipo sababu nyingine. Turudie kipimo, tupige na picha ya tumbo. Nikaitikia kama mwanafunzi mwema. Nikatoka, nikavuka barabara, nikaingia maabara nyingine. Nilifanya kama wanavyonifanyia wateja wangu: nikiwaambia mbao za kiti zimeoza, wanamtafuta fundi atakayesema kinahitaji gundi tu. Namba ya pale ilikuwa ndogo. Nikaipenda. Kwa daktari sikurudi, picha sikupiga. Nikakuandikia wewe.

Barua yako ya kwanza niliificha. Ya pili wifi yako aliisoma kabla yangu. Hakugomba. Alivaa viatu, akasimama mlangoni, akasema, "Twende."

Wamepima tena kwa mashine ya kwanza, imepanda zaidi. Picha imeonyesha doa kwenye ini, moja. Nilimuuliza daktari kama muda nilioupoteza umeniharibia. Angeweza kunifariji. Alisema, "Sijui. Labda kidogo, labda hapana. Ila ningependa tungeanza mapema."

Watanipa dawa kwanza, kisha wakiona inafaa watalikata hilo doa. Na damu wataendelea kuipima, hapo hapo, kuona kama dawa inafanya kazi. Naogopa, dada. Pale kwenye benchi la hospitali sikupata mzaha hata mmoja. Wifi yako alinishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, nami nikamwacha anishike.

Dawa inaanza mwisho wa mwezi huu. Muuguzi aliuliza nani atakuwa anakaa nami siku hizo, maana wifi yako ana kazi yake. Nilimwambia dada yangu anakuja.

Sikukuuliza kwanza.

Mdogo wako